Uzi: Zamani Mombasa kila sauti ilikuwa na mwenyewe, na kimya pia kilikuwa na mwenyewe

#1 – mwenye uzi, Kisauni

Asalaam aleikum wadau, habari za jioni. Huu uzi ni mrefu, nimekaa nalo hili jambo kama wiki tatu nalizungusha kichwani, na nyumbani nikilianza naambiwa baba ushazeeka, bas nikaona niwaletee nyinyi.

Mtaani kwetu alifariki mzee mmoja, nyumba ya nne kutoka kwangu. Akazikwa Alhamisi baada ya Adhuhuri. Usiku wake wanawake wako ndani wanasoma, wanaume tumekaa nje kwa mikeka, na ng'ambo ya barabara kuna kijana amefungua mahala pa nyama choma, ameweka spika mbili urefu wa mtu mzima zimetuelekea sisi. Nikatumwa mimi niende nikamwambie. Kijana mwenyewe wallahi hana ubaya, akanisikiliza vizuri, akaniambia "pole sana mzee wangu, mimi sikujua ata kama kuna msiba". Akapunguza pale pale.

Hilo "sikujua" ndo limeninyima usingizi. Hatupo mbali, hazifiki mita hamsini, na watu walishalia pale mchana kutwa, jeneza limepita mbele ya mlango wake. Hakujua kwa sababu zile spika zilimziba masikio yeye kabla hazijatuziba sisi.

Mimi nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale. Babangu Mungu amrehemu alikuwa fundi redio, kibanda chake kilikuwa chini ya nyumba, na mimi nimekulia pale miguuni mwake nikimshikia risasi akilehemu. Zile nyumba mwazijua, kuta za mawe na chokaa upana wake mkono mzima, boriti za mikoko juu, vichochoro vyembamba mtu hapitani na mkokoteni. Ukikaa pale ndani huoni kitu lakini waskia kila kitu, na kila unachoskia wamjua ni nani. Muuza kahawa hakuwa akinadi, yuwapita na dele lake (birika la kahawa) mkono mmoja na mkono wa pili agonga vikombe, kling kling, na kila muuza kahawa ana mgongo wake (nasema mgongo lakini nakusudia ile namna ya kugonga, babangu ndo alivyokuwa akiita), wewe uko juu ghorofani waambia mtoto shuka huyo ni fulani, kahawa yake ina tangawizi. Muadhini vile vile. Adhana ya msikiti huu yaanza, ule wa pili waingia katikati, wa tatu wachelewa kidogo, na sisi watoto tulikuwa twawajua kwa koo zao, huyu leo ana mafua. Ramadhani wapita vijana na ngoma za daku, mtaa wote wawajua ni watoto wa nani, na mwenye mgonjwa alikuwa akiwaambia mapema hapa kwangu msipige, wakifika pale ngoma zinanyamaza wanapita kwa nyayo tu kisha wanaanza tena mbele.

Hapo ndo nataka mnielewe. Sisemi zamani kulikuwa kimya, Mombasa haijawahi kuwa kimya. Nasema kila sauti ulikuwa wajua ni ya nani, kwa hivyo wajua umwendee nani akunyamazishie.

Na mtu akifa mtaa mzima unazima redio siku tatu. Haikuwa sheria, hakuna aliyetangaza. Sasa babangu ni fundi, mezani ana redio nne za watu na kila mwenye redio ataka yake Jumamosi. Alikuwa hafungi kazi. Alikuwa anazifungua, ananyofoa nyaya za spika, anafanya kazi kwa mita tu, ile ya kupimia umeme, anaangalia mshale unapanda na kushuka. Redio inaimba ndani kwa ndani, kibandani hakuna kinachoskika. Nlimuuliza mara moja baba utajuaje kama imepona, akaniambia mshale waniambia, na mwenye maiti hana haja ya kujua kama imepona. Nlikuwa kama miaka tisa hivi. Mpaka leo sijaona heshima kubwa kuliko ile.

Ata muziki wetu wenyewe umejengwa juu ya kimya. Chukueni taarabu ya hapa Mvita, Juma Bhalo alofariki 2014 au Zein l'Abdin alofariki 2016. Bhalo na mahadhi yake ya kihindi, taishokoto lile lenye vidude vya kubonyeza kama taipureta linakatakata nyuma, Zein yeye na udi wake. Watu walikuwa wanakaa wanaskiza. Beti yaimbwa, yarudiwa, ala zajibu, kisha mtu ainuka pole pole aenda kumtunza muimbaji kwenye mstari ule ule, na ukumbi mzima waelewa hela ile imemwendea nani. Hajasema neno. Fumbo limeimbwa na mwengine, yeye kalitilia sahihi kwa noti. Bila ya watu kunyamaza na kuskiza kila neno lile fumbo halifiki, laanguka njiani.

Na Muyaka, yule mshairi wetu wa enzi za Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, alofariki mwaka 1840, alilitungia kabisa shairi jambo la kimya akawaonya watu wa mji wajihadhari nacho. Kimya kina mshindo, twalisema kila siku. Hodi nayo, wapiga mara tatu, ukiona kimya warudi kwenu, huulizi. Kimya ni jibu.

Sasa swali langu. Haya mambo yameenda wapi, na je nyinyi mitaani kwenu bado kuna mtu anazima kitu kwa ajili ya mwengine?

#2 – wa Likoni

Waaleikum salaam mzee. Mimi wa ng'ambo, sauti yangu mimi ni feri. Honi ya feri na ile milango ya chuma ikishuka kwenye zege, ghraaaa, nikilala nje ya Likoni siku mbili nakosa usingizi kwa sababu siiskii. Na usiku wa mwaka mpya saa sita meli zilizoko Kilindini zinapiga honi zote pamoja, ukiwa Likoni pale mchangani yatetema kifuani, tulikuwa watoto twatoka nje kuzihesabu.

Lakini kuhusu kimya, mzee umenigusa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe wakafariki watu 272. Nlikuwa mdogo, nakumbuka asubuhi watu wanapiga makelele wanakimbia kuelekea majini, mimi hicho kilio nimekisahau. Nnachokumbuka ni siku zilizofuata, mtaa hauna redio, hauna mpira, ata watoto twacheza bila kuskika na hakuna mtu mzima aliyetukemea, tulijua wenyewe. Mamangu mpaka leo tukipanda feri haongei. Twaongea mpaka kwenye geti, akikanyaga chuma ananyamaza, tukishuka ng'ambo aendelea pale pale alipowachia. Sijawahi kumuuliza.

#3 – mama wa Majengo

Kaka mwenye uzi nimekusoma mpaka mwisho na Mungu amrehemu mzee wako, ile ya mshale imenitoa machozi. Lakini niruhusu nikupinge.

Wewe wazungumza kimya kama mwanamume. Kimya chenu cha baraza ni kimya cha mtu anayeweza kusema akitaka. Sisi kimya tumefunzwa. Mwari akiulizwa kuhusu mume, akinyamaza bas huo ndo ukubali wake, "kimya chake ni ridhaa". Nyanyangu aliolewa hivyo. Alinyamaza kwa sababu alikuwa na kwikwi ya kilio hawezi kufungua mdomo, wakasema keshakubali. Alitueleza akiwa na miaka themanini na kitu, na alivyokuwa akieleza ni kama jana.

Kwa hivyo wanawake wa Mombasa walitafuta pa kusemea. La kwanza leso. Waenda Biashara Street wachagua jina (yale maneno yaloandikwa juu yake), si rangi, jina, kisha wajifunga wapita mbele ya nyumba ya mtu. Hujatoa sauti na mtaa mzima umeskia. La pili lelemama, vyama vya ngoma vya akina mama vilivyokuwa vikishindana mjini na nyimbo zao za kutupiana maneno, kama vile wanaume na beni zao, ngoma za kuiga bendi za kizungu, Kingi kwa Skochi. Na vugo. Vijana hapa pengine hawajaliona vugo, ni pembe ya nyati inagongwa na kijiti, wanawake ishirini thelathini wanazunguka mtaa usiku wa arusi wanagonga na kuimba, na maneno ya vugo usiniambie, mle ndani mna kila kitu ambacho bibi harusi hakuruhusiwa kukitamka. Mamangu alikuwa mgongaji. Alikuwa mtulivu nyumbani huwezi ata kujua kama yupo, shika pembe mkononi umuone.

Sasa leo arusini kuna dijei. Spika moja imemeza wanawake mia. Twakaa kwa viti vya plastiki tumevaa vizuri, twapigiana makelele masikioni "ati wasemaje?", vigelegele vyenyewe ukivipiga havifiki meza ya pili. Mimi hilo ndo lanikera kuliko kelele. Zamani ili arusi iwe na sauti ilibidi sisi wenyewe tuwe sauti. Sahii tumelipia mtu atunyamazishe.

#4 – makanga, ruti ya Mtwapa

Niaje wazee, naskia kama ni sisi tunaongelewa hehe, hapana nasema serious. Mimi ni makanga wa matatu mwaka wa sita. Ngoma kwa gari si ujinga, ni kazi. Stage ya Bamburi saa moja asubuhi ziko gari saba zote zaenda town bei ni moja, mtu atapanda gani? Kijana anapanda yenye mziki mzuri, mama anapanda ile imenyamaza, na dereva wangu anajua hivyo so asubuhi mapema tunaeka pole pole juu ni watu wa kazi wengine wanasinzia, saa nne tukibeba wanafunzi wa chuo tunafungulia. Abiria wakikwambia punguza unapunguza, wakinyamaza unajua wameridhika. Sasa mama wa Majengo ameniharibia hapo kwa hio maneno ya kunyamaza, nimekaa nikafikiria, kumbe pengine hawakuridhika, walichoka tu.

Na kitu ingine. Adhana ikitoka nazima. Hakuna mtu amenifunza, mimi ata si Muislamu, nlikuja huku kutoka bara nikiwa mdogo nikaona makanga mkubwa alonifunza kazi anazima nami nikashika. Tukipita msiba barabarani pia. So mzee ukiuliza kama kuna mtu bado anazima kwa ajili ya mwengine, tupo.

#5 – mwenye uzi

Makanga umenifurahisha sana ndugu yangu, na huyo alokufunza Mungu amlipe.

Dada wa Majengo sina la kukujibu, nimesoma mara tatu. Ni kweli nimezungumza kimya kama ni kitu kimoja na si kimoja. Kimya cha babangu alikitoa yeye, cha nyanya yako alitolewa. Nadhani tofauti yote iko hapo na mimi sikuwa nimeiona mpaka uliponionyesha.

Kuhusu besi, ule mlio mzito wa spika, manake kuna aloniuliza inbox kwa nini kijana alipunguza na bado nyumba yatetema. Mlio mwembamba mawimbi yake ni mafupi, ukuta wauzuia. Besi ya mitetemo 50 kwa sekunde wimbi moja urefu wake ni karibu mita 7, ni kubwa kuliko chumba chako, na ukuta mwepesi wa matofali ya inchi sita watikisika pamoja nayo. Ukuta mzito wa mawe wa Mji wa Kale ulikuwa wapunguza mengi. Na madirisha yetu ya Kisauni yako wazi usiku kucha kwa joto. Kwa hivyo tumehama kutoka nyumba nzito na redio ndogo tukaja nyumba nyepesi na spika kubwa.

#6 – wa bandarini

Mimi nimefanya kazi sehemu za mashine miaka kumi na minne, sikio la kushoto sasa laskia kama liko ndani ya mtungi. Kanuni za kazi za Kenya zasema mfanyakazi asikae kwenye kelele ya desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zaidi ya masaa manane kwa siku. Na kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 za mazingira, mtaa wa makazi nje ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku kwa sheria ni kuanzia saa mbili. Mwenye sherehe anatakiwa kuomba kibali. Sasa tuseme spika za sherehe zimefika 85, watu huona 35 na 85 wadhani ni kama mara mbili na kidogo. Sivyo, kila desibeli 10 nguvu ya sauti yazidi mara kumi, kwa hivyo kutoka 35 hadi 85 ni mara laki moja. Masikio yetu yatuficha hilo, yenyewe yahisi kama imeongezeka mara mbili kwa kila kumi.

Vijana vaeni vizibo. Mimi nlikuwa na vyangu mfukoni, naona aibu kuvaa. Mjukuu wangu akiniita sasa namwambia njoo upande wa kulia.

#7 – wa Rabai

Wadau nyinyi wa mjini mwasema msiba ni kimya. Kwetu Rabai na Mijikenda kwa jumla msiba ni ngoma. Mzee mkubwa akifa apigiwa kama alivyostahili, mwanzele, ngoma yetu ya kilio, yachezwa mpaka alfajiri, kayamba na ngoma, hayo ndo machozi yetu. Ukinyamaza kwenye kilio cha mzee ni kama hukumpenda. Kimya chetu kiko kayani, kwenye misitu mitakatifu ya wazee wetu. Misitu ya kaya imeingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, watalii waja waona miti, lakini adabu ya kule ndo kaya yenyewe, waingia na wazee, hupigi kelele, huvunji ata tawi. Nlipopelekwa mara ya kwanza na babu nliskia majani, nikaskia damu masikioni mwangu, kisha nikaogopa.

Kilichotuharibia ni disko matanga. Ile ngoma ya kumlilia mzee imeekwa kando, likaja jenereta na spika, watoto wa shule wamekesha gizani, mimba zikafuata, serikali ikawa yapiga marufuku na bado watu hufanya kwa sababu pesa za mazishi huchangwa pale. Mimi siwalaumu wafiwa, jeneza ni pesa na chakula ni pesa. Lakini mamangu alipofariki nilikataa, nikauza mbuzi wawili, tukapiga mwanzele. Wazee wa ngoma walikuja wanne tu, wengine washakufa au hawawezi tena.

#8 – mwenye uzi

Pole sana kwa mama, ndugu wa Rabai. Wanne. Nimeumia.

Niongeze moja tu ambalo sikulisema mwanzo. Mwaka 2020 corona ilipokuja mwalikumbuka, mwezi wa tatu kafyu, tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa mtu asitoke asiingie, kisha tarehe 6 Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa na ilikuwa Ramadhani. Mamangu alikuwa bado yuko Kibokoni, mimi Kisauni, siwezi kumfikia, twaongea kwa simu tu. Nikampigia usiku mmoja baada ya tarawehe, nasema baada ya tarawehe lakini tarawehe yenyewe hakuna, misikiti imefungwa. Nikamuuliza mama waskia nini huko. Akasema naskia mawimbi. Miaka sitini amekaa nyumba ile, bahari iko nyuma ya nyumba tatu, hakuwahi kuyaskia kutoka kitandani. Nikamwambia si vizuri, kimya. Akaniambia mwanangu sikuyataka, nimemtaka muuza kahawa.

Kwa hivyo mimi sitaki mji unyamaze jamani. Nataka nijue anayegonga ni nani.

#9 – mama wa Majengo

Mama yako ameyamaliza.

Kaka, kwa kuwa wewe ni mtoto wa fundi nina ombi. Mamangu aliacha kanda mbili za kaseti, moja kaandika kwa kalamu "vugo, arusi ya Mwembe Tayari", hakuna mwaka ila nadhani ni miaka ya themanini mwanzoni. Sijaziskiza tangu amefariki, redio ya kaseti sina na naogopa kumpa mtu wa dukani ikameza utepe. Je waweza?

#10 – mwenye uzi

Naweza dada, tena usimpe mtu yeyote. Ziweke kashani mwake, usiiache juani wala karibu na spika, na usijaribu kuizungusha kwa kalamu kama imekaa miaka mingi, utepe hushikana. Deki ya babangu ninayo, nimebadilisha mkanda wake mwaka jana, hedi (pale utepe unaposomwa) nitaisafisha upya kwa spiriti na pamba kabla hujafika. Tutaipitisha mara moja tu na kuihamisha kwenye simu hapo hapo, na ukitaka kuiskiza peke yako kwanza nitanyofoa nyaya za spika nikae na mita, wewe uvae hedfoni. Jumamosi baada ya Asri, njoo na mtoto mmoja akushikie mkoba. Wa Rabai nawe kama wale wazee wanne wako tayari nambie siku, nina kinasa sauti kizuri na nauli nitajilipia.

#11 – makanga, ruti ya Mtwapa

Mama akishuka Kisauni Jumamosi aniambie ni saa ngapi, nitamuekea kiti cha mbele na gari itakuwa imezimwa mziki mpaka ashuke.